Breki hazikuwa na kosa: boriti ya mbele ya Datsun yangu

Kwa miezi mitano niliisingizia breki dhambi isiyo yake.

Ukikanyaga polepole, gari lilisimama kwa adabu. Ukikanyaga kama mtu aliyekatiwa njia ghafla, lilivuta kulia kama punda aliyeona maji. Nikabadilisha kalipa zote mbili za mbele, pedi na mipira ya breki, nikatoa upepo mara tatu, hata nikazishuku ngoma za nyuma ambazo hazikuwa na habari. Kila baada ya kazi nilitoka kulijaribu gari, na kila mara nilirudi na ndita usoni.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, ile ambayo kwao Japani ilianza kuuzwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Mitungi sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, na boneti ndefu utadhani dereva alikumbukwa mwishoni. Nalipenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele nitalisema vibaya.

Siku niliyoujua ukweli nilikuwa nimelala ubavu sakafuni, uso chini ya tao la gurudumu la kulia, namulika tochi. Mke wangu alikuwa kwenye usukani amekanyaga breki. Mpwa wangu, ambaye Jumamosi zake nyingi huishia gerejini kwangu, alikuwa analisukuma gari kutoka nyuma kwa mgongo, sukuma, acha, sukuma, acha. Nilitaka kuona kama umechoka mpira wa ile fimbo inayolizuia gurudumu lisiende mbele na nyuma. Mpira haukuwa na neno. Kilichosogea ni kikombe kizima kinachoipokea fimbo hiyo, pamoja na bati kilichoshikiliwa nalo. Kila alipoegemea, kilirudi nyuma kiasi cha unene wa kucha, na lami nyeusi iliyopakwa chini ikafunguka ufa mwembamba kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu. Alipoacha, mdomo ukafumba.

"Mjomba, niendelee?"

"Hapana. Basi. Njoo uone."

Kwa wasiolijua gari hili: halina chesisi ya ngazi kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Mbele kuna boriti mbili, moja kila upande. Ni masanduku marefu ya bati jembamba yanayoanza kwenye fremu ya rejeta, yanapita kando ya injini, yanateremka kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kisha yanaingia chini ya sakafu. Injini imekaa juu ya krosmemba, chuma kinachokatiza toka boriti moja hadi nyingine, na krosmemba imefungwa kwa bolti kwenye boriti hizo. Mkono wa chini wa kila gurudumu la mbele ni mwembamba, peke yake hauwezi kulizuia gurudumu lisiende mbele na nyuma. Kazi hiyo inafanywa na fimbo inayotoka kwenye mkono huo kuelekea nyuma, ikaingia kwenye kikombe cha chuma kilichochomelewa kwenye boriti, mpira mmoja mbele na mwingine nyuma ya kikombe, nati mwishoni. Ukikanyaga breki, barabara inalisukuma gurudumu nyuma, gurudumu linaisukuma fimbo, fimbo inakisukuma kikombe, na mzigo wote unaishia kwenye boriti. Boriti ikiwa imeoza, gurudumu la upande huo linarudi nyuma na gari linapinda kulifuata. Breki zangu zilikuwa zinashika sawasawa kulia na kushoto muda wote huo. Gurudumu moja tu ndilo lililokuwa linahama.

Na kwa nini upande wa kulia? Kwenye gari langu, lenye usukani kushoto, betri imekaa kulia, nyuma kabisa karibu na ule ukuta, na boriti inapita chini yake. Tindikali ya betri ikimwagika au ikitoka kama mvuke, inakula rangi ya tandiko, kisha inashuka na maji hadi kwenye boriti. Maungio ya boriti yana vidoti vya kuchomelea vya kiwandani, na katikati ya kidoti na kidoti kuna nafasi ambayo jicho halioni lakini maji yanaiona. Maji yakishaingia ndani ya sanduku, yanatakiwa yatoke kwa vitundu vya chini. Vitundu vya kwangu vilizibwa na tope na lami miaka mingi kabla sijalinunua gari. Kutu ilianzia ndani, na hadi itokeze nje, kazi ilikuwa imekwisha.

Nilichukua bisibisi nikabonyeza kando ya kikombe. Nilitarajia itoboe. Haikutoboa, ikagonga kitu kigumu na kunirudishia mkono. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana bati la gari hili halina ugumu ule. Nikakwangua lami, nikakuta kiraka: bamba nene, milimita 3 nilipolipima kwa vernia, limechomelewa kuzunguka boriti kwa mshono mnene wenye mabonge. Aliyelifanya hilo simjui na sitamtafuta. Alikuta kutu akaifunika. Bamba lilikuwa zima kabisa, ila lilishikwa na kingo za bati lenye unene wa milimita moja na kidogo, na kingo hizo ndizo zilizopasuka. Ukiweka kitu kigumu sana karibu na kitu laini, kile laini kinapindika mpakani, kila siku mahali palepale, hadi kinakatika.

Injini na giaboksi zikatoka pamoja. Hilo lilichukua wikendi moja na halina hadithi, isipokuwa kwamba bolti moja ya kwenye giaboksi inafikika tu kwa mtu mwenye viwiko viwili kwenye mkono mmoja.

Nilipoanza kukata kile kiraka kwa grenda, ndani kukatoka moshi wa manjano wenye harufu ya plastiki inayoungua. Nikazima. Moshi ukaendelea. Kumbe boriti ilikuwa imejazwa povu, lile povu la kopo linalovimba na kukauka, la kuzibia mianya ya madirisha. Mtu alilipuliza ndani ya boriti, pengine akiamini litazuia maji. Lilifanya kinyume: lilinyonya maji na kuyakumbatia dhidi ya bati kama tambara bichi. Na sasa lilikuwa linawaka taratibu mahali ambapo mkono haufiki. Mpwa wangu alikuwa na pampu ya kunyunyizia maji mkononi, kwa sababu kanuni yangu ni kwamba mmoja anakata na mwingine anaangalia moto, na anayeangalia moto haruhusiwi kushika simu. Alitia mdomo wa pampu kwenye mkato akapiga hadi moshi ukawa mvuke. Tukatoka nje, tukakaa nusu saa. Moshi wa povu lile ni sumu, usiusimamie. Baadaye nililitoa lote kwa waya uliopindwa ndoana, kipande kwa kipande, na kila kipande kilitoka na magamba ya kutu mekundu, ambayo yote yalijaza kofia yangu mara mbili na zaidi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike haya yote.

Baada ya kusafisha, nilikuwa na boriti yenye pengo. Mbele nzima, nyuma nzima, katikati sentimita 60 hivi za kutupwa. Kilichoonekana rahisi ni kukata kipande kipya cha kuingia kwenye pengo hilo, nikachomelea, nikapaka rangi. Nilikuwa nimeshachora hata kiolezo cha karatasi ngumu. Kisha nikakumbuka ule ufa uliokuwa unafunguka na kufumba, nikajiuliza: boriti hii iliposhikwa na lile bamba, ilikuwa imekaa wapi?

Nikalaza kila kitu chini nikaanza kupima. Ilinichukua jioni tisa. Kuchomelea kwenyewe hakukufika nusu ya muda huo.

Kwanza lazima gari likae kama linavyokaa barabarani. Bodi isiyo na chesisi inaning'inia ukiipandisha vibaya, na ukikata boriti huku imening'inia, utachomelea mning'inio huo ubaki milele. Niliweka stendi nyuma chini ya maeneo ya suspensheni, na mbele chini ya sehemu nzima za boriti, kila stendi na kabari zake, hadi pima maji ikatulia kwa urefu na kwa upana. Nikachomelea bomba kukatiza kila nafasi ya mlango, juu kwenda chini. Kabla na baada ya hapo nilipima mwanya wa mlango pande zote nne na kuandika kwenye utepe wa karatasi pale pale mlangoni. Mlango ni shahidi mzuri: bodi ikijipinda, mwanya wa juu nyuma ndio wa kwanza kusema.

Kisha timazi. Uzi, na chuma chenye ncha. Nilichagua matundu ambayo kiwanda kiliyatoboa yakiwa mapacha kulia na kushoto: bolti za krosmemba, vikombe vya fimbo, matundu mawili chini ya sakafu, na ncha za nyuma za boriti. Chini ya kila tundu niliteremsha timazi, nikangoja itulie, nikabandika utepe sakafuni na kuweka alama ya penseli iliyochongwa. Ukimaliza, unaliona gari lako limelala sakafuni kama ramani. Mstari wa katikati ukaupiga kwa uzi wa chaki, kisha ukaanza kupima mishazari, kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, na kinyume chake. Mishazari miwili ikilingana, uko salama. Yangu ilitofautiana kwa milimita 9.

Kabla ya kung'oa injini nilikuwa nimepima pia umbali wa ekseli hadi ekseli, magurudumu yakiwa yamenyooka. Kitabu kinasema milimita 2,305. Kushoto nilipata 2,304, nikajisifu. Kulia nilipata 2,297, nikadhani nimepima vibaya, nikaiandika pembeni na alama ya kuuliza. Alama hiyo ya kuuliza sasa ilikuwa imejibiwa. Yule aliyebandika bamba alilibandika boriti ikiwa imeshasukumwa nyuma. Kama ningekata kipande cha kuziba pengo nililolikuta, ningetengeneza kosa lake upya, kwa bati jipya na mshono mzuri.

Kwa hiyo pengo halikuwa kipimo. Kipimo kilikuwa upande wa kushoto, ambao haujawahi kuguswa, pamoja na krosmemba yenyewe. Krosmemba inafungwa kwenye boriti zote mbili, kwa hiyo inajua zinavyopaswa kuachana. Niliifunga kushoto kwa bolti zake hadi mwisho, nikaiacha upande wa kulia ikielea, kisha nikaivuta sehemu ya mbele ya boriti kwa jeki na mnyororo, robo ya mzunguko kwa wakati, hadi bolti za kulia zikaingia kwa vidole bila nyundo. Nikapima mishazari tena: tofauti milimita 1. Nikaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa bado 1. Kikombe nilikitafutia mahali pake kwa chuma cha pembe nilichokitoboa kulingana na cha kushoto, kisha nikakigeuza. Kigeuze, tafadhali. Nilikitoboa mara ya kwanza bila kukigeuza, na kwa dakika kumi nzima nililishangaa gari lenye vikombe viwili vya kushoto.

Boriti mpya sikuikunja mwenyewe; bati la milimita 1.6 halikunjiki vizuri kwa nyundo na kingo za meza. Nilimpelekea mkunja bati mchoro. Ikarudi imenyooka, safi, na haiingii. Niliandika vipimo bila kusema ni vya nje au vya ndani, naye akavichukua kuwa vya ndani. Unene wa kuta mbili, milimita 3.2, ukaongezeka kwenye upana. Alinitazama tu, akauliza, "Sasa hapo kosa la nani, kaka?" Nikamwambia langu, akakunja nyingine. Na kabla hamjaniuliza kwa nini si milimita 3 ili iwe imara zaidi: nimeshaeleza yaliyoupata mpaka kati ya kigumu na laini.

Kuchomelea. Waya wa milimita 0.6, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, na vipande vya majaribio vya bati lilelile. Kila nilipobadilisha mpangilio wa mashine nilichomelea kipande, nikakibana kwenye jiriwa, nikakipiga hadi kivunjike. Kikivunjikia kwenye mshono, narekebisha. Kikichanika bati pembeni ya mshono, naingia kwenye gari. Maungio niliyapanga kwa ngazi, upande mmoja wa boriti ukiungana mbele kidogo, mwingine nyuma kidogo, ili mishono isikae yote kwenye mstari mmoja. Ndani ya kila ungio niliingiza kipande cha kushikilia, na kwenye kingo za kupandana nikatoboa matundu ya milimita 8, kila baada ya sentimita 3, nikayajaza kwa moto badala ya vidoti vya kiwandani.

Jambo moja sitaki mlisome haraka. Usisafishe bati kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki kisha ukachomelea. Zile zenye klorini zikikutana na joto na mwanga wa mashine hutoa gesi ya fosijeni, ambayo iliua watu katika vita vya kwanza vya dunia. Futa kwa asetoni, ngoja ikauke kabisa, ondoa kitambaa na kopo eneo lile. Bati lenye zinki nalo likwangue kwanza, moshi wake utakupa homa ya usiku mmoja ambayo hutaisahau.

Nilichomelea sentimita 2 na nusu hapa, nikahamia upande wa pili, nikarudi mbele, nikangoja hadi bati liguswe kwa kiganja. Hivyo, jioni nzima. Jioni ya pili mshono ulikuwa unatoka mzuri sana, nami nikajisahau nikauendeleza sentimita 15 bila kupumzika. Ukang'aa kama magamba ya samaki. Nikapima: boriti imevutwa milimita 2 kuelekea injini. Mpwa wangu alisoma futi kwa sauti, akanyamaza, akanisogezea grenda bila kuambiwa. Nikaukata.

Yaliyobaki niliyapitia haraka: praima ya epoksi, lami ya maungio, rangi. Ndani ya boriti nikapuliza nta kwa bomba refu hadi ikadondoka kwenye vitundu vya chini, ambavyo safari hii vipo na vinapitisha msumari. Tandiko la betri ni jipya na betri imekaa ndani ya beseni la plastiki.

Injini iliporudi na magurudumu kukanyaga chini, nilipima ekseli hadi ekseli. Kushoto 2,304. Kulia 2,305. Nilipima mara nne nikitafuta kosa. Tulipeleka gari kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, nikafika kasi ya 60, nikalegeza vidole kwenye usukani, nikakanyaga. Likainamisha pua, likasimama kwenye mstari wake, spana niliyoisahau kwenye sakafu ya abiria ikateleza mbele ikagonga ukuta.

Mpwa wangu aliiokota, akaigeuzageuza mkononi.

"Mjomba, sasa zile kalipa mpya tulizinunua za nini?"

Nikamwambia afunge mkanda, tunarudi.